Si Anaona Picha?

"Bei ya sabuni wanaiandika kwenye televisheni. Maneno ya watu mbona hawayaandiki?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo nikiwa darasa la nne. Swali limenirudia juzi, nilipofika mtaani kwetu Rasbura nikaikuta sebule ya bibi kimya, kila mtu kainamia simu yake. Wewe uliyekulia mtaa wenye televisheni moja utanielewa: sebule ile haikuwa na kimya hata kidogo.

Jioni tulikaa mkekani kuzunguka sinia la ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, tunaimenya na kuichovya kwenye chumvi na pilipili, macho kwenye tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nguo zilinuka moshi wa korosho tulizochoma mchana. Mama mdogo alikaa mbele kabisa. Homa ilimwondolea masikio akiwa msichana, lakini kusoma haikumwondolea. Alisoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, mpaka pale mafuta yalipofuta herufi. Watu wakicheka, alinigusa goti: "Kasema nini?" Nilimtamkia polepole usoni, na kabla sijamaliza wenzangu walishacheka jingine.

Jirani yetu, aliyekuja kila jioni na kigoda chake, alichoshwa na shughuli hiyo.

"Huyu naye! Si anaona picha? Anataka nini tena?"

Mama mdogo hakumsikia, ila ule uso aliuelewa. Akachukua ungo wake wa korosho, akaenda kubangua uani peke yake. Siku zilizofuata hakurudi sebuleni. Mimi nilikuwa mtoto wa kuulizauliza, na lile swali la jirani lilinikaa kooni.

Kwetu adhana ikianza, sauti ya televisheni inazimwa, picha inaachwa. Jioni moja rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Adhana ya isha ikaisha. Sikurudisha sauti.

"We mtoto, weka sauti!" jirani akasema.

"Si unaona picha, mama?"

"Astaghfirullah! Bibi, unamsikia mjukuu wako?"

Bibi alinitupia jicho, nikajua nitafinywa. Kwenye kioo mke mkubwa alikuwa analia, mume anapekua begi, na sebule nzima haikujua kwa nini. "Anamfukuza?" "Kwani kaiba?" Kila mtu na lake. Bibi akasimama. Badala ya kuninyang'anya rimoti akatoka uani, akarudi amemshika mama mdogo mkono, akamketisha mbele.

Midomo ya waigizaji haikumfaa kitu, kwani ilisema lugha yao. Yeye alitazama mabega.

"Halii huyo," akatangaza kwa sauti yake kubwa. "Anaigiza. Tazama jicho lilivyo kwenye begi. Alichoficha kimo humo."

Jirani akapiga makofi. "Ewaa! Na yule mama mkwe je, mdogo wangu? Mbona kanuna?" Akasahau kwamba hasikiwi, akakumbuka, akamwonyesha kwa kidole.

Kipindi kizima kilikwisha hivyo, tunacheka na mama mdogo, si mbele yake. Kesho yake sauti ikarudi, na yeye akarudi uani. Kufinywa nilishafinywa, hilo nimesamehe. Nisilosamehe ni kwamba wote waliona alichokuwa anakikosa, kisha wakaongeza sauti.

Bibi hayupo tena, wala kigoda cha jirani, na sijui mara ya mwisho ming'oko ililiwa sebuleni mle ilikuwa lini. Taarifa ya habari sasa ina mkalimani wa lugha ya alama kwenye kiboksi pembeni. Ni haki ya waliofundishwa lugha hiyo. Mama mdogo hakufundishwa. Anasoma Kiswahili. Akilalamika anaambiwa, "Si mmeshawekewa?"

Chuoni niliuliza kwa nini hakuna maandishi chini ya picha. Nikaambiwa ni gharama, nikaambiwa watakaoyahitaji ni wachache, nikaambiwa nani atakaa kuyachapa maneno yote hayo. Sikukubali hata jibu moja, na sikuwa na ushahidi.

Baada ya chuo nilipata kibarua kwenye studio ya kutia tamthilia sauti. Kabla mwigizaji hajafungua mdomo, kila neno atakalosema huwa limeshachapwa kwa Kiswahili, na sekunde ya kulisema imeandikwa pembeni. Wakimaliza kurekodi, wanayafuta maandishi hayo yote.