Tablo ya Mama Goreti

Mwenzangu, nakuambia we hii neno juu najua hautanicheka. Siku yangu ya kwanza ya kufundisha hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, tumetoka tu kukimbia vita ya Uvira, direkta wa shule alinipa chaki mbili na batoto makumi sita. "Mama Furaha, kelele ikizidi, bape wimbo." Mi masomo yangu yote ni ya jioni mangaribi, nikimaliza kuuza dagaa. Lakini batoto bangu balikariri, njo kusema balirudilia sauti yangu mara kumi, mpaka bapita njia banasimama kusikiliza.

Kisha akakuja Mama Goreti wa Burundi, na diploma yake. Batoto bake banakwama-kwama, banajikuna kichwa. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Ila mwezi ikipita, bangu banasahau, bake banakumbuka. Direkta akasema mmoja wetu atapewa darasa ya mwisho, ile inaenda kufanya egzame, mtihani ya mwisho, Lilongwe. Wivu ikaniingia. Asubuhi moja natoka maombi, Biblia kwapani, nikaingia kwake. Tablo, ule ubao ya darasa, imejaa mito na milima ya somo ya jana. Nikapanguza yote na kitenge yangu.

Nikangojea nyuma ya ukuta nisikie akilia.

"Eh! Nani amenitangulia? Leo mkono yangu imepumzika!" Batoto bakacheka. "Haya, mukae chini. Jana tulisema nini?"

Mmoja akachora mto, mwingine akamkosoa, mpaka tablo ikajaa tena, na mikono yabo.

Kumbe kila asubuhi anapanguzaka mwenyewe! Mapumziko nikamuuliza, kama mtu hajui kitu.

"Dada, nikibaachia tablo, macho njo inafanya kazi, kichwa inalala. Kitu mtoto amejitafutia haipotei mbio. We bakate wimbo katikati, utaona."

Nikabakata. Bakapotea bote.

Ile darasa akapewa yeye. Mi nikaiga kupanguza kwake, bakanisifu, sikusema nimetoa wapi. Sasa sauti imenikatala, nimeachia bengine kazi. Goreti alihamia Likuni. Wivu ingali iko, siongopi: diploma alipata, darasa alipata, hata ubaya yangu ilimtumikia. Napiga magoti kila siku, na ile kitenge ya chaki inanijia mbele ya amina.

Basi we uambie balimu bapya: bapanguze kwanza, njo baulize. Na ukimpata mtu anaenda Likuni, amwambie Mama Goreti ile asubuhi ilikuwa mi.