Mara Nne hadi Changamwe

Ndugu yangu alifariki akiacha kijana mmoja, Kibet. Kibet alipotaka kuoa, mimi ndiye niliyebaki wa kwenda kumposea. Msichana, Faith, ni Mkipsigis mwenzetu, ila alizaliwa Mombasa, ambako baba yake alifanya kazi bandarini hadi akazeeka. Kwetu wanaoposa hurudishwa mara ya kwanza, hata ya tatu, wakakubaliwa ya nne. Ndiyo heshima ya msichana. Jirani atakuja mara nne bila shida. Lakini Kaplong hadi Mombasa, na nyonga yangu hii? Nilijua nina safari moja tu mwilini.

Asubuhi, Kaplong. Kibet alinibebea begi hadi stendi.

"Baba mdogo, wakikataa?"

"Wakikataa, utaoa hii fimbo yangu."

Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Njia fupi ni ya Narok, lakini dada yangu Rebecca ameolewa Kedowa, na posa haiendi bila shangazi. Basi nikazunguka kwa Litein na Kericho, majani ya chai yakiwa bado na umande. Rebecca alikuwa barabarani, kando ya wauza viazi, amevaa nguo ya kanisa.

Nakuru mguu ulianza kuvimba. Nairobi, jioni, tukabadilisha basi. Nilipoamka tulikuwa Mariakani na shati limenishika mgongoni.

Changamwe, Mombasa, alfajiri. Waposaji hukaa nje ya boma, kimya, mpaka wenyeji waulize. Nyumba ya ghorofa ina boma gani? Tulipanda hadi mlangoni kwao, tukaketi kwenye ngazi. Watoto wa shule wakaturuka. Mama mmoja akauliza, "Mzee, umepotea?"

"Hapana, mama. Tumefika."

Mwishowe baba yake Faith akafungua mlango. Aliitazama fimbo, akajua tumekuja kuposa.

"Mmetoka wapi?"

"Kaplong."

"Leo hatuna neno. Mrudi siku nyingine."

Nilijua atasema hivyo, na bado moyo ulinishuka. Nikajaribu kusimama. Mguu ukakataa kabisa. Rebecca akanishika kwapani, mzee akitazama.

"Ngoja kwanza. Mlipitia wapi?"

Nikamtajia mji mmoja mmoja. Alifumba macho.

"Kedowa bado wanauza viazi barabarani?"

"Bado, mzee."

Akaanza kukunja vidole. "Kaplong hadi Kedowa, hiyo ni moja. Kedowa hadi Nairobi, mbili. Nairobi hadi hapa, tatu. Na hizi ngazi, na mguu huo, nne." Akamwita mkewe. "Mama Faith, weka chai! Hawa watu wamekuja mara nne."

Rebecca alilia palepale. Mimi nilisema asante Mungu, kwa sauti.

Tulipoaga, mzee alinishika mkono, hakuuachilia. "Na mimi sasa, nikitaka kumwona mtoto wangu?"



Kurudi, nilimfikiria yeye kuliko mguu wangu. Mimi niliiogopa barabara hii siku chache tu. Yeye ndiyo kwanza anaanza.

Kaplong, Kibet alikuwa stendi. "Wamekubali?"

"Wamekubali."

Aliruka kama ndama. Nilimwacha aruke, kisha nikampa ile fimbo.

"Mzee alinihesabia barabara kwa sababu ya mguu. Wewe miguu yako ni mizima. Utampeleka Faith kwa baba yake kila mwaka, na wewe hatakupunguzia hata ngazi moja."