Mashine Tuliyoishusha Bila Mkwaruzo

Karatasi ya mauzo niliisaini mimi. Nilikuwa mtunza stoo wa karakana ya ushirika pale Makandana, Tukuyu, na ubinafsishaji ulipotufikia, mashine yetu ya kukereza vyuma iliandikwa humo "chuma chakavu". Nikaikunja karatasi hiyo, nikaitia mfukoni. Fundi wetu, mzee aliyeifanyia kazi tangu mimi niko shule, alikuwa ameshaambiwa na wakubwa, akaamini, kwamba inakwenda kwenye gereji ya Mbeya, ikaendelee kukereza. Alikuwa na furaha. Nami, niliyejulikana kwa mdomo usio na breki, nikanyamaza.

Wenzetu walikuwa wamepunguzwa kazi. Tulibaki watatu wa kuishusha mashine hadi barabarani, ikachukuliwe na gari: mzee, mlinzi na mimi.

"Taratibu," mzee alituambia. "Huyu akianguka, hatuna wa kumwinua."

Tulifungua mota kwanza ili kupunguza uzito wa juu. Mzee akainua pembe moja kwa mtaimbo, kiasi cha kidole tu, mlinzi akasukumia kabari kwa kijiti, maana kupitisha mkono chini ya mashine kulikuwa mwiko. Kisha tukaingiza mabomba ya kuiviringishia. Kamba tuliizungusha kwenye nguzo nyuma yake, nami nikawa naiachia kidogo kidogo kwenye mteremko mfupi wa kwenda barabarani. Kusimama upande wa chini mzee hakuturuhusu hata kidogo.

Mvua ikaanza, Tukuyu hiyo. Mzee akavua koti lake, akaifunika mashine.

"Mzee, utaugua!" nilimfokea. Hasira zenyewe zilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mimi nitakauka, mwanangu. Huyu akishika kutu, watu wa Mbeya watatusema."

Kazi ilitumalizia asubuhi nzima. Tulipofika barabarani, mzee aliikagua pande zote, hakuona hata mkwaruzo. Akapaka grisi pale palipong'aa. "Ndaga fijo," alitushukuru, mmoja mmoja, kwa kutupa mkono.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akashuka kwenye pikapu na nyundo kubwa.

"Nzima haiingii," alisema, akaanza kupiga. Chuma kile hakikupinda, kilivunjika vipande.

Mzee aliokota koti lake kwenye matope, akasimama nalo mkononi bila kulivaa. Mimi nililia kwa sauti, sikujali wapita njia. Akaja, akanishika bega.

"Nyamaza, mwanangu," aliniambia. "Kumbe hata wewe walikudanganya."

Karatasi ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikaitikia kwa kichwa.