Tanner Anarudi kwa Nani

Ardis Tollefson aliwapikia watoto wa shule ya mji wake huko Minnesota kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakukubali kukaa tu nyumbani. Kila Jumamosi ya Februari hujikokota kwenye theluji hadi chumba cha chini cha maktaba na kuwajazia watu fomu za kodi bila malipo. Hamung'unyi maneno. Aliwahi kumuuliza mchungaji wake, mbele ya foleni nzima, Biscuit anasoma chuo gani, maana Biscuit ni mbwa, na mchungaji alikuwa amemwandika kati ya wanaomtegemea ili apunguziwe kodi.

Jumamosi hii, hata hivyo, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mbele yake waliketi Curtis, mwanawe, na Renae, ambaye Curtis alimwacha miaka mitatu iliyopita. Ardis yeye hakumwacha Renae, na siku nyingi za wiki humpenda kuliko Curtis. Kila mmoja alikuja na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na jina la Tanner, mtoto wao wa pekee, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka ishirini. Serikali haikubali mtegemezi mmoja aandikwe mara mbili.

"Sijazi fomu za ndugu," Ardis alisema.

"Hatutaki utujazie, Mama," alisema Curtis. "Tuambie tu ni wa nani."

"Ni wangu. Mimi ndiye niliyemzaa," Renae akadakia.

"Na mimi siku hiyo nilikuwa safarini?"

"Ulikuwa kwenye mechi ya hoki."

"Nyamazeni," alisema Ardis. "Siku za bwenini zinahesabiwa kama yuko nyumbani. Swali ni moja tu. Chuo kikifungwa, anarudi kwa nani?"

Papo hapo akajuta kuwa na mdomo. Jibu alikuwa nalo. Mwaka mzima uliopita, kila chuo kilipofungwa, Tanner alirudi kwake yeye, bibi yake, na hata asubuhi hii Ardis alimwacha jikoni anakula viazi vya jana. "Bibi, usiwaambie," kijana alimsihi. "Nikilala kwa mmoja, mwenzake ananuna wiki mbili." Ardis akaahidi. Sasa akisema, amemsaliti mjukuu. Akinyamaza, mmoja wa hawa wawili atatia saini uongo huku yeye anamtazama. Aliogopa yote mawili, na kahawa yake ikapoa.

"Krismasi alikuwa kwangu," alisema Renae. "Alikaa kidogo, akasema anawahi kwako."

Curtis alikunja uso. "Kwangu? Kwangu alisema anawahi kwako."

Wakatazamana. Tangu talaka hawakuwa wametazamana kwa muda mrefu hivyo. Renae akatoa simu, akaifungulia sauti, akaiweka katikati ya meza.

"Tanner, mwanangu, uko wapi?"

"Kwa baba," sauti ikajibu bila wasiwasi. "Anachoma nyama nje."

Nje theluji ilikuwa imefika kwenye kioo cha dirisha. Curtis aliinamia simu. "Basi nisaidie kuigeuza, isije ikaungua."

Tanner akauliza kwa sauti ndogo: "Bibi yupo hapo?"

"Nipo," alisema Ardis. "Sijasema neno. Sasa waambie mwenyewe, mwanaume wewe."

"Niko kwa Bibi," alisema Tanner. "Siku zote huwa niko kwa Bibi. Sikutaka kumchagua mtu."

Ardis alidhani angefurahi mzigo ukimtoka, lakini nyuso zile mbili zilimuuma kuliko alivyotarajia. Fomu ya tatu, ya kwake mwenyewe, ilikuwa ndani ya mkoba, na nafasi ya mtegemezi aliiacha wazi makusudi, ingawa kwa sheria Tanner angeweza kuandikwa pale. Hakuthubutu kuitoa.

Renae alichukua kalamu, akalikata jina la mwanawe kwenye fomu yake, taratibu, kwa mstari mmoja.

"Mama," alisema, "bado analala na soksi?"

"Bado," alisema Ardis.

Renae akaitikia kwa kichwa, akamsogezea Curtis kalamu.