Mguu wa Papa Shemasi

Leo Papa Shemasi ameumbuliwa na mguu wake mwenyewe.

Kanisa letu linatafuta ukumbi wa kukodi, tukaenda kuona jengo moja la zamani za Waingereza, mtaa wa Marshalltown. Dalali alisema lilikuwa soko.

Jamani, jengo! Nje mnara. Ndani madirisha ya upinde, vioo vya rangi, nguzo za chuma zenye maua. Mbele kabisa, meza ndefu ya mbao.

"Madhabahu!" Mama Pasta, mke wa mchungaji, akapiga magoti palepale, machozi yanamtoka.

Papa Shemasi akaegemea ile meza kwa kiwiko. "Amina, Mama."

(Ndiye yule anayeshuhudia kila Jumapili kwamba tangu azaliwe hajawahi kuingia baa. Msicheke bado.)

Mlinzi wa jengo akakohoa. "Eish, Mama, hiyo ni kaunta ya baa. Soko lilikuwa upande ule, huku watu walikuwa wanalewa. Hata bomba la shaba la kupumzishia mguu bado liko hapo chini."

Tukaangalia chini.

Kiatu cha Papa Shemasi kilikuwa juu ya bomba tayari. Kimetulia kama kiko kwao.

Mama Pasta, bado kapiga magoti, akakitazama.

"Papa Shemasi, wewe umeokoka, sawa. Huu mguu je?"

Nyie mngejibu nini? Fanyeni haraka, mwenzetu bado anatafuta jibu.