Dodoki na Sanamu ya Gavana

Yadi ya manispaa ilikuwa nyuma ya karakana ya magari ya taka, na aliyeitunza aliitwa Dodoki hata na watu waliolijua jina lake. Kila kilicholetwa pale alikiosha kabla hakijaingia stoo: mabenchi ya bustani, mapipa, taa za barabarani zilizogongwa na malori. Storkipa wa zamani, aliyemfundisha kazi, alimwambia uchafu unaficha kutu, na kutu ikijificha inakula. Dodoki akalishika neno hilo kama kiapo. Mkewe alikuwa akimtania, "Hata paka akikatiza humu, atatoka kaoga."

Waliishi mle mle yadini, chumba na sebule vilivyokuja na kazi, wao na mapacha wao ambao ndio kwanza walikuwa wanaota meno. Kazi ikiondoka, na nyumba imeondoka.

Asubuhi ile sanamu ya gavana wa kikoloni iling'olewa pale kwenye mzunguko wa barabara, na vigelegele vikasikika mpaka yadini. Lori likaileta imelala chali, kofia kichwani, kidole kikielekea mawinguni kana kwamba bado kuna mtu wa kumwamrisha huko juu.

"Wakubwa hawajaamua kama itapelekwa makumbusho au itapondwa kokoto," bosi wake alimwambia. "Mpaka waamue, ikivunjika hata sikio, wewe na familia yako mtafute pa kulala."

Lori lilipoondoka, Dodoki alichota maji. Hakuwaza mara mbili. Vinyesi vya ndege vya miaka nenda rudi vilikuwa vimegandana shingoni na nyuma ya masikio, naye akavisugua polepole, akipiga mluzi.

Kesho yake kaka wa mkewe, kinyozi wa pale mtaani, alikuja mbio na kitambaa cha kunyolea bado begani.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

Kinyozi akamwonyesha simu. Kuna mtu alikuwa amerekodi kutoka kwenye ghorofa la jirani. Dodoki alijiona ameinama, anapangusa sikio la gavana taratibu, kama mama na mtoto. Chini yake wameandika: Mjukuu anamwogesha babu.

"Lakini mimi hata mapipa ya taka nayaosha!"

"Mapipa ya taka hayajamchapa mtu viboko, shemeji."

Bibi yake Dodoki mwenyewe alivunja kokoto za barabara kwa amri ya gavana huyo huyo, akazeeka na vidole visivyokunjuka. Sasa hilo utamweleza nani, na aanze kukusikiliza kutoka wapi?

Akaona dawa ni kuificha sanamu. Akaifunika kwa turubai, akalikaza kwa kamba vizuri. Kabla jua halijazama picha nyingine ikazagaa: Sasa kamfunika, asije akapata baridi. Watu walicheka. Halafu kicheko kikaisha, na kimya kilichofuata ndicho kilichomtisha.

Mkewe alirudi kutoka bombani ndoo imejaa, uso umemshuka.

"Wamekutukana?"

"Afadhali wangenitukana, Baba Mapacha. Wamenipisha mbele ya foleni. Wote. Wamenisalimia vizuri mno, na mmoja akaniuliza watoto wanalala chumba kipi."

Dodoki akampigia bosi. Bosi akasema afunge geti, mgambo wanakuja. Geti akalifunga. Mgambo hakuwaona.

Jumamosi mchana watu wakaja bila wimbo, bila bango. Walisimama tu nje ya geti la nondo, wakajaa mpaka barabarani. Mbele alikuwa muuza matairi, mtu ambaye Dodoki alikuwa akicheza naye bao kila Jumapili. Akapitisha nyundo katikati ya nondo, mpini mbele, kwa adabu kabisa, kama mtu anayekupa kikombe cha chai.

"Sisi hatuingii, jirani. Piga wewe. Moja tu, tujue uko upande gani, twende zetu."

"Nimekabidhiwa tu, ndugu yangu. Si yangu."

"Ndiyo maana tunakuomba upige."

Nyuma ya Dodoki mlango ulilia. Mkewe alikuwa kizingitini, pacha mmoja kiunoni, mwingine mgongoni. Watu wote getini waliacha kumtazama Dodoki, wakawatazama watoto.

Dodoki akaipokea nyundo, akafungua kamba. Akalivuta turubai. Ile sura iling'aa kuliko siku zote, safi mpaka kwenye kope, kazi ya mikono yake. Akafumba macho, akapiga. Pua ikadondoka na kubingirika hadi getini.

Hakuna aliyeshangilia. Mikono tu iliinuka, na kila mkono una simu. Muuza matairi akainama, akaiokota pua, akaitia mfukoni.

"Ahsante, jirani," akasema. Wakaondoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka msibani.

Kinyozi alikuja akamkumbatia. "Umepona, shemeji! Umepona!"

Simu ya Dodoki ikaita. Ilikuwa sauti ya bosi, tulivu, bila haraka yoyote.

"Nimeiona video. Uko wapi?"

"Niko nyumbani, bosi."

"Kaa hapo hapo. Sasa mgambo wanakuja."

Ndani, mkewe alikuwa ameshaanza kukunja godoro.