Mstari Niliouruka Katika Wosia

Nyumbani wananijua kwa mdomo. Sinyamazii mtu, awe chifu au mama mkwe. Ndiyo maana hili nalisimulia kwa aibu.

Nilikuwa Doha, nikimtunza mama mzee Mmarekani aliyehamia kwa mwanawe, mji jirani wa Lusail, macho yake yalipokwisha nguvu. Kazi yangu ilikuwa kumpa dawa, kumwogesha, kumpikia chai na kumsomea. Binamu yake alikuwa amemtumia boksi la nakala za karatasi za ukoo: kurasa za Biblia zenye tarehe za ubatizo, hati za shamba, barua. Alitaka tuwatengenezee wajukuu kijitabu cha maisha ya babu yao wa kwanza kuvuka bahari kwenda Amerika. Mimi nisome kwa sauti, yeye achague, kisha nichape kwenye kompyuta. Nilimwita Mama, naye alinitania kwamba sauti yangu ingemfaa askofu.

Tukafika kwenye wosia. Mwandiko ulikuwa wa kukwaruza, kwa hiyo niliupitia kwanza kimoyomoyo. Babu alimwachia mkewe kitanda, meza ya mwaloni na ng'ombe wanne, mmoja hana pembe. Halafu, kabla ya birika la shaba, katika orodha ileile ya mali, palikuwa na mtumwa, mwanamke mweusi mwenye jina moja tu, pamoja na mtoto wake anayenyonya.

Nilipomsomea Mama kwa sauti, baada ya ng'ombe nikavuta pumzi, nikaruka hadi kwenye birika.

Kwetu marehemu hasemwi vibaya mbele ya uzao wake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba mkataba wangu ulikaribia kwisha, nami nilitaka mwanawe auongeze. Ijumaa nikaenda mtaa wa Al Sadd kunywa karak, chai ya maziwa na iliki, na rafiki yangu, yaya kutoka Machakos, nikamweleza. Akacheka.

"Wee dada, usijichomee. Mzungu akiaibika mbele yako, hatataka kukuona tena. Funika kombe mwanaharamu apite. Kwani huyo mama ni shosho yako?"

Hakuwa bibi yangu. Nilifurahi kuambiwa hivyo, na furaha ile ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Vijitabu vilitoka kwenye duka la kuchapisha palepale Al Sadd, tukavituma Amerika. Mama akabaki na kimoja. Alishinda nacho mapajani, akipapasa jalada, halafu saa ya chai akaniambia nimsomee wosia.

Nikasoma kitanda, meza, ng'ombe. Nikavuta pumzi. Birika.

"Hapo," akasema. "Mama yangu alikuwa akinisomea karatasi hii nikiwa mdogo. Naye alikuwa akivuta pumzi hapohapo, baada ya ng'ombe. Shangazi zangu pia. Nilipokuwa na macho niliogopa kuitazama. Pana nini hapo?"

Nikafungua ukurasa uliofuata, mimi mwenye mdomo.

"Nilidhani wewe ungeisoma," akasema.

Hakuwa na hasira. Angenigombeza ningepata pa kujificha, maana ugomvi nauweza.

Nikaitoa ile nakala kwenye boksi, nikasoma mstari wote. Jina la yule mwanamke nililisoma mara mbili. Mama akalirudia polepole. Akauliza mtoto aliitwaje, nikamwambia hakuandikwa jina. Chai ilipoa na hakuna aliyeigusa.

Mkataba wangu uliongezwa, kama nilivyotaka. Wajukuu tuliwatumia ukurasa mpya wenye mstari ule, waubandike kijitabuni. Sijui nani aliubandika. Ninachojua ni kile nilichokichapa mara ya kwanza kwa vidole vyangu mwenyewe: ng'ombe niliwaandika wote wanne, hata yule asiye na pembe.